Nimeombewa tangu utotoni na mguu haujanyooka. Mjukuu wangu kaniuliza swali, naomba tulizungumze

MkoroshoMkongwe (Masasi) #1

Salaam wakuu, na shikamooni wakubwa zangu mliomo humu.

Nina miaka 56, naishi Masasi. Mguu wangu wa kulia ulipoozeshwa na polio nikiwa na miaka 3, natembea kwa gongo. Jumamosi mbili zilizopita nilikwenda kwenye mkutano wa injili wa uwanjani pamoja na mke wangu na mjukuu wetu wa miaka 9. Sikwenda kuombewa, nilikwenda kusikiliza kwaya. Mhubiri mgeni akaniona, akashuka jukwaani, akanishika mkono na kunivuta mbele. Akalichukua gongo langu, akampa kijana mmoja, akaniambia: tembea.

Nilipiga hatua moja. Ya pili haikufika chini, nikaanguka kifudifudi mbele ya watu. Uwanja ukawa kimya. Mhubiri akasema kwenye kipaza sauti kwamba Mungu ameshatimiza upande wake, shida ni mashaka yaliyo moyoni mwangu. Akahamia kwa mtu mwingine. Mke wangu na dada mmoja wa kwaya ndio walioninyanyua. Gongo lilirudi baadaye, likipitishwa mkono kwa mkono kutoka nyuma ya jukwaa.

Goti liliuma siku nne likaacha. Ambacho hakijaacha ni swali la usiku ule. Tumeshazima taa, mtoto akaniuliza kwa sauti ndogo: "Babu, kwani wewe humwamini Mungu?"

Nilimwambia alale. Ndiyo maana naandika.

Mama yangu alizaliwa Mwislamu, Mikindani. Baba alikuwa Mwanglikana wa hapahapa. Mnaoijua kusini mnajua nyumba za namna hii si ajabu kwetu, Idi tunakula na Krismasi tunakula. Nilipopata homa ile na kuamka mguu umelegea, mama alinibeba mgongoni kila alikosikia kuna msaada. Kwao Mikindani nikaandikiwa kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, nikanywa. Huku Masasi kasisi akanipaka mafuta. Halafu Ndanda. Wabenediktini wapo pale tangu 1906, na hospitali yao na kanisa ni majirani. Mama alikuwa akisimulia kwamba alitoka kwa daktari akaenda kukaa kimya kanisani, yeye na ushungi wake, na hakuna aliyemwambia achague kimoja.

Hao wote walimwombea mtoto wake na hakuna aliyemwumiza. Walioanza kumwumiza ni waliokuja baadaye, mguu ulipokataa kunyooka. Mmoja akasema lazima kuna alilolifanya wakati wa ujauzito. Mwingine akasema ni laana ya upande wa baba. Mimi nilizaliwa nikiwa na miguu yote miwili mizima, nimekimbiza kuku kwenye uwanja ule wa Mikindani, yeye mwenyewe ameniona! Lakini mama alilibeba neno lile hadi kaburini. Nilikuwa mtu mzima nilipoisoma vizuri Yohana sura ya 9, pale wanafunzi wanapouliza nani alitenda dhambi, kipofu huyu au wazazi wake, na Yesu anajibu si huyu wala si wazazi wake. Nilitamani mama angekuwepo nimsomee.

Sasa niwaeleze jambo ambalo sikulijua mpaka miaka mitano iliyopita. Mguu wangu mzima ulianza kuchoka. Ngazi za nyumbani nikawa nashindwa, usiku misuli inakaza, nikidondosha kitu nashindwa kukiinua. Nikadhani ni uzee, wengine wakasema nimechezewa. Daktari akanieleza. Virusi vya polio huua seli za neva zinazoendesha misuli. Zile zilizosalia huotesha matawi na kuubeba mzigo wa wenzao waliokufa, ndiyo maana mtoto hurudisha nguvu kidogo. Lakini zinafanya kazi maradufu, na baada ya miaka 30 au 40 zenyewe huanza kuchoka, hata kwenye kiungo ulichodhani kilisalimika. Dawa ya kulirudisha hilo nyuma hakuna. Kuna kupumzika kabla hujachoka, mazoezi mepesi, na kutoona aibu kutumia kiti mwendo kwa safari ndefu.

Kumbe miaka yote ya kuambiwa "jikaze, usilizoee gongo, imani ni vitendo", nilipokuwa nainama kuokota korosho msimu mzima bila kukaa chini ili nionekane sina upungufu, nilikuwa nazimaliza zile seli chache. Hilo linaniuma kuliko kuanguka uwanjani.

Msinielewe kwamba napinga maombi. Naomba kila siku. Mwaka 2011 mjomba wangu, marehemu sasa, alikwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyekuwa akiwanywesha wagonjwa kikombe cha dawa ya mitishamba. Kikombe chenyewe shilingi 500, ila nauli kutoka huku kusini mpaka kule juu ilimgharimu mbuzi wawili na akiba ya korosho. Alikuwa na miaka 74 na magoti yote mabovu. Alirudi na magoti yaleyale. Lakini mpaka anafariki, alichokuwa akisimulia ni ile foleni: walivyolala barabarani, watu wa makabila yote wakigawana maji na mihogo, Waislamu na Wakristo, na hakuna aliyemwuliza mwenzake amekosa nini hata akaumwa. Alisema hajawahi kukaa mahali ambapo kuumwa hakukuwa aibu. Nimeliwaza sana hilo. Nadhani mjomba alikipata alichokifuata, au sehemu yake, japo si kwenye magoti.

Na kuna mzee mmoja kanisani kwetu, yeye aliugua ukoma ujanani. Alitibiwa kwa vidonge vile vya mchanganyiko, akamaliza dozi, vijidudu vikaisha kabisa. Amepona. Vidole havijarudi, na miguu haina hisia, kila jioni anakagua nyayo zake kwa kioo asije akawa na kidonda asichokijua. Mara mbili nimeona watu wakimwekea mikono wakimwombea "aponywe ukoma". Anawaacha wamalize, anasema amina, kisha anawaambia kwa upole: "Wanangu, huo nilishapona. Niombeeni macho."

Kwa Kiswahili chetu tunajua vizuri kwamba kupona si kitu kimoja. Tuna nafuu, tuna ahueni, tuna uzima. Kila asubuhi jirani ananiuliza umeamka mzima? Namjibu mzima, na gongo liko mkononi. Sijawahi kuona kwamba namdanganya.

Nawauliza basi, hasa wenye ulemavu, wazee, na mnaouguza wazazi: mnaomba nini? Na mtoto nimjibu nini?

---

BintiNachingwea #2

Shikamoo baba. Pole sana kwa uliyofanyiwa, nimesoma machozi yananitoka.

Mimi ni mlokole na nitasema ukweli wangu. Mama yangu aliumwa tumbo miaka miwili, hawezi kula, amebaki mifupa, vipimo havikuonyesha kitu. Akaombewa usiku mmoja, asubuhi akaomba uji. Yupo, analima. Nilikuwepo, nilimpikia uji ule mwenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia Mungu haponyi siwezi kukubali. Hofu yangu ni kwamba ukimwambia mgonjwa asitegemee muujiza, umemwachia nini? Kuna watu tumaini hilo ndilo linalowaamsha asubuhi. Ila kumnyang'anya mtu gongo, hapana. Hiyo si imani, huyo alikuwa anajitafutia ushuhuda.

---

MkoroshoMkongwe (Masasi) #3

Marahaba binti yangu. Uji wa mama yako nauamini, na nimefurahi ulikuwepo. Sitaki kumnyang'anya mtu tumaini kama nilivyonyang'anywa gongo.

Ninachokikataa ni ile hesabu kwamba asiyepona hakuamini. Tuipime kwa Paulo, maana yeye hatuwezi kumwambia imani yake ni ndogo. Aliomba mara tatu mwiba wake wa mwilini uondolewe, haukuondolewa, akaambiwa neema yatosha. Timotheo, kijana wake, alikuwa na tumbo la kuumwa mara kwa mara, na Paulo alimshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo hilo. Na mwishoni mwa waraka wa pili kwa Timotheo kuna kamstari tunakoruka: Trofimo nilimwacha Mileto, mgonjwa. Basi. Hamlaumu, haelezi. Alikuwa na rafiki mgonjwa, ikabidi safari iendelee, akaliandika kwa huzuni. Yakobo naye anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wampake mafuta. Mgonjwa ndiye anayewaita. Mimi yule mhubiri sikumwita.

---

MwanaMadrasaLindi #4

Assalaam alaykum mzee wangu, shikamoo. Kwa upande wetu niongeze kidogo, maana na sisi tunao wanaowaambia wagonjwa kwamba kisomo kimegoma kwa sababu ya madhambi yao.

Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba wa Mtume, alikuwa kipofu. Surat Abasa iliteremka kwa ajili yake, Mtume (s.a.w.) alipomkunjia uso na kugeuka. Huyo kipofu hakurudishiwa macho. Alikuwa mwadhini Madina, na Mtume alimwachia mji alipokuwa safarini. Tena kuna hadithi ya mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa, imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Alimwomba Mtume amwombee. Akapewa hiari: ukitaka subiri nawe utapata Pepo, ukitaka nitakuombea upone. Akachagua kusubiri, ila akaomba aombewe asifunuke nguo anapoanguka. Angalia alichokiomba. Heshima yake. Na akaombewa hicho alichokitaka yeye mwenyewe.

Bibi yangu wa Kilwa ana miaka themanini na kitu, presha ya macho imemmaliza. Mwaka mzima wa mwanzo tulimsomea tu nyumbani tukidhani ni mtoto wa jicho au kijicho cha watu, tukasubiri. Tulipomfikisha kwa daktari wa macho tukaambiwa mtoto wa jicho hungoja, unaweza kusafishwa hata ukichelewa, lakini presha ya macho ikishaua mshipa wa jicho haurudi. Matone yangezuia kama tungewahi. Kisomo hakikukosea. Sisi ndio tulikosea kudhani kisomo kinamzuia mtu kupanda basi. Walipomwuliza Mtume kama wajitibu, alisema jitibuni, Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja: uzee. Hadithi hiyo iko kwa Abu Dawud na Tirmidhi. Nilipomsomea bibi akacheka sana, akasema basi mniache na uzee wangu, mnitafutie fimbo nzuri na mtu wa kunipeleka kwa wenzangu alasiri.

---

MkoroshoMkongwe (Masasi) #5

Waalaykum salaam mwanangu. Mama angeipenda sana hiyo ya mwanamke wa kifafa. Nimeirudia mara tatu. Aliulizwa anataka nini. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuulizwa, watu wakiona gongo wanajua tayari cha kuniombea.

Mjaribu hilo jamani. Mkimwendea mgonjwa, au mzee, muulizeni kwanza. Ningeulizwa uwanjani pale ningesema naomba usingizi, kwa sababu misuli hainiachi nilale. Na naomba ngazi za kanisani kwetu ziwekewe mteremko na pa kushika, mimi na yule mzee wa nyayo tunaingilia mlango wa jikoni.

---

SistaWodini #6

Shikamoo baba. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi pwani hii ya Lindi na Mtwara kwa muda sasa. Niseme jambo moja ambalo linanikera kwa sababu ninaliona kila mara.

Busha na matende. Huku kwetu ni mengi, yanaletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, si madafu wala si mke wa mtu. Busha ni upasuaji, mtu anarudi nyumbani amepona. Nimepokea wazee waliokaa nalo miaka 20, hawaendi msikitini wala kanisani kwa aibu, huku wakiwa wametumia pesa nyingi kwa mafuta na maji ya kuombewa kuliko ambazo upasuaji ungewagharimu. Matende ni tofauti, mguu ukishavimba sana haurudi kama zamani. Lakini ukioshwa kila siku kwa maji na sabuni, ukakaushwa vizuri katikati ya vidole, ukanyanyuliwa ukikaa, na kuchezeshwa kifundo, zile homa na maumivu ya ghafla hupungua mno. Mama mmoja aliniambia tangu aanze kuuosha mguu wake ameona kama amesamehewa. Nilimwambia mama, hukuwa umekosa.

Kwa hiyo wahubiri na masheikh mliomo humu, mtusaidie. Kuna vya kuombea huku mnampeleka mtu hospitali leo, na kuna vya kumfundisha kuishi navyo. Msivichanganye. Na mtu akiwa na dawa za presha, kisukari au kifafa, msimwambie aziache ili kuonyesha imani. Nimefunga macho ya watu kwa sababu ya neno hilo moja.

---

KijanaNewala #7

Wakubwa shikamooni. Nimeingia hapa kwa bahati tu. Baba yangu ana miaka 78, alipata kiharusi miezi miwili iliyopita, upande wa kushoto umelala na maneno hayatoki vizuri. Alikuwa mzee wa kanisa. Kaka zangu wamechanga laki nne tumpeleke kwenye maombi mkoa mwingine, wanasema akirudi atatembea. Mimi nilitaka pesa hiyo imlipie mtu wa mazoezi ya viungo. Wamenambia nina roho ya kupinga. Baba mwenyewe anatuangalia tu. Nyuma kwenye makalio ngozi imeanza kuwa nyekundu. Sijui nifanye nini, kusema kweli nimechoka.

---

SistaWodini #8

Kijana, huo wekundu ndio wa kwanza, kabla ya mengine yote. Ni mwanzo wa kidonda cha kulalia. Mgeuzeni kila baada ya saa 2, usiku pia, mpeane zamu. Mkimgeuza msimburute kwenye shuka, mnyanyueni. Awe mkavu muda wote, mto katikati ya magoti, kisigino kisigandamize godoro. Pale penye wekundu msipasugue wala msipakande. Kesho aonekane hospitali. Na mazoezi msisubiri, miezi hii ya mwanzo ndiyo mwili unajifunza upya kwa wepesi zaidi. Waombeni wamfundishe mmoja wenu pale nyumbani ayafanye kila siku, haitachukua laki nne.

---

BintiNachingwea #9

Kaka wa Newala, na maombi mnaweza kuyafanya hapohapo kitandani kwake. Mwiteni mchungaji wenu aje, baba asisafirishwe na hali hiyo. Mungu yupo Newala pia.

---

MkoroshoMkongwe (Masasi) #10

Mwanangu wa Newala, marahaba. Huna roho ya kupinga. Kaka zako nao si wabaya, wana hofu, wanataka baba yao wa zamani arudi. Usigombane nao leo. Waambie sista amesema ngozi inaharibika, hilo hawatalipinga.

Halafu ukae karibu na baba, upande ule ambao haujalala, umshike mkono ulio mzima. Amekuwa mzee wa kanisa, amewaombea watu maisha yake yote, na sasa watu wanazungumza juu ya kichwa chake kama hayupo. Mwulize yeye. Maneno yakigoma, mwambie abane mkono wako mara moja kwa ndiyo. Uliza kimoja kimoja: unataka safari? Unataka mchungaji aje? Kuna kinachouma? Unataka tuimbe? Mpe muda, asikimbizwe.

Mjukuu wangu amekaa hapa ubavuni, amenisomea maneno yako kwa sauti kwa sababu macho yangu usiku yanachoka. Nilimjibu jana lile swali lake. Nilimwambia namwamini Mungu, na mguu wangu naujua. Akafikiri, akaniuliza kama inaniuma ninapopiga magoti. Nikasema ndiyo. Akaniletea mto. Amesema usiku huu tutamwombea babu wa Newala, ila anataka kujua kwanza amebana mkono kwa lipi. Utuandikie kesho, usisahau na ile ngozi imeamkaje.